Umekwama Wapi?

Maneno niliyowaambia vijana wa Sumbawanga wanaokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mara ya kwanza

Shikamooni wazazi wangu. Shikamooni walimu wangu. Wadogo zangu, hamjambo?

Wiki iliyopita niliomba kila anayekwenda Mlimani mwaka huu aandike swali lake kwenye kikaratasi, asiweke jina, akitumbukize kwenye kapu lililokuwa ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Nimepata vikaratasi thelathini na kimoja. Nilivisoma vyote usiku mmoja, kesho yake nikavirudia. Vingine vimeandikwa upesi upesi. Vingine vimefutwafutwa mpaka karatasi imetoboka, na hivyo ndivyo vilivyonigusa zaidi.

Sitavijibu kwa zamu. Yapo maswali ya dakika moja, na yapo ambayo nikiyaharakisha nitakuwa nimewadanganya. Naanza na hili, lililoandikwa kwa penseli kwa herufi ndogo sana. Vikaratasi vingine tisa vinauliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti (kwa wasiojua, kwenye divisheni pointi chache ndizo bora):

"Nimepata divisheni wani ya pointi nane. Nasikia Mlimani kila mtu ana wani ya tatu au ya nne. Nikifika si nitakuwa wa mwisho?"

Mdogo wangu, popote ulipokaa humu ukumbini, nisikilize. Huenda ukawa wa mwisho. Kwenye jaribio la kwanza, huenda. Mimi nilikuwa.

Niliingia Mlimani mwaka 2007 kusoma uhandisi. Nilitoka shule ambayo tangu kidato cha tano sikuwahi kushuka hadi nafasi ya pili. Jaribio la kwanza la hisabati lilipotoka, matokeo yalibandikwa ukutani kwa namba za usajili. Nilianza kutafuta namba yangu kutoka juu, kwa mazoea. Nikashuka. Nikashuka tena. Nilipoiona ilikuwa imebaki mistari minne karatasi iishe: 6 kati ya 20. Nilisimama pale nikijifanya bado natafuta, ili waliokuwa nyuma yangu wasijue kwamba nimeshaiona.

Nataka niwaambie nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu ndicho ninachoogopa mtakifanya. Nilinyamaza. Niliacha kwenda semina za somo lile, maana kule mwalimu anaweza kukuinua ujibu. Kwenye ukumbi wa mihadhara nilihamia nyuma kabisa. Nyumbani niliandika kwamba mambo ni mazuri. Usiku nilipiga msuli wa kusoma hadi saa nane, na kesho yake nilikuwa palepale.

Wakati huo nilikuwa nabebwa, yaani sikuwa na kitanda changu, nililala na dada mmoja wa mwaka wa tatu, mzungu wa nne, miguu yake kichwani pangu na yangu kichwani pake. Dada yule ndiye aliyegundua. Aliniambia, "Wewe kila usiku unafungua ukurasa uleule." Kesho yake alinishika mkono mpaka kwenye ofisi ya mhadhiri, akaniacha mlangoni. Niliupita mlango ule mara tatu kabla ya kubisha.

Mhadhiri hakuomba kuona karatasi yangu ya jaribio. Aliniuliza swali moja: "Umekwama wapi?"

Nikasema, "Kote."

Akasema hakuna mtu anayekwama kote. Akanipa swali la kwanza la jaribio lile na kuniambia nirudi chumbani, niandike kila mstari ninaouelewa, na ule mstari ambao mkono utakataa kuuandika, nimpelekee huo.

Ilinichukua siku mbili. Na nilipoufikia mstari wenyewe nililia, maana haukuwa wa hisabati za chuo kikuu. Ulikuwa wa logariti. Mambo ya kidato cha pili! Mwaka ule shule niliyosoma ilikaa miezi mitano bila mwalimu wa hisabati, tukavuka kwa kukariri, na nilikuwa nimelificha shimo lile hata kwangu mwenyewe kwa miaka mitano. Nililijaza kwa wiki tatu, kwa daftari la kidato cha pili nililoazima kwa mtoto wa jirani kule Changanyikeni, mtaa wa karibu na chuo.

Wengi wenu mmesoma shule za kata. Mmekaa mwaka mzima bila mwalimu wa fizikia, mmesoma kemia bila kushika chupa ya maabara. Utakayekaa naye benchi moja pale Yombo, kwenye kumbi za mihadhara, pengine alikuwa na mwalimu wa kila somo na wa tuisheni jioni. Akijibu haraka kuliko wewe, usijitungie hadithi kwamba ana ubongo usio nao. Yeye njia yake imesakafiwa, yako ina mashimo, na mashimo yana mahali. Kazi yako ya muhula wa kwanza ni kuyatafuta yalipo.

Na kuhusu kuchaguliwa: hakuna aliyekuhurumia. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0 (hapa pointi nyingi ndizo bora), na wanaovuka mstari huo nchi hii ni wengi kuliko viti vya kozi zinazogombewa. Kozi zinazogombewa huchukua kuanzia juu kushuka chini mpaka viti viishe. Jina lako limetoka humo, kwa alama zako, pamoja na hao wenye wani ya tatu. Lakini niseme na upande wa pili: siku unayosajiliwa, alama hizo zinaisha kazi. Hakuna atakayekuuliza tena Necta ulipata ngapi.

Kikaratasi kingine: "Nasikia chuo kuna vipindi vichache. Muda mwingine wote tunafanya nini?"

Ninyi mnaopenda hesabu, kalamu mkononi. Kozi mtakazoandikishwa zina krediti. Krediti moja, kwa utaratibu wa Tume, ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Sasa hesabu vipindi vyake: tuseme saa nne kwa wiki, pamoja na semina, kwa wiki 15. Ni saa 60. Saa 60 nyingine ziko wapi? Hazimo kwenye ratiba. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna kiranja. Digrii ya miaka mitatu haipungui krediti 360, maana yake saa 3,600, na sehemu kubwa ya hizo hakuna anayekulinda uzitumie. Wenzangu waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, ninaowakumbuka, karibu wote walipotelea ndani ya saa zile zisizoandikwa. Walidhani ni mapumziko.

Kwenye kozi nyingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho, ule mtakaouita yuii, hubeba 60. A inaanzia 70. Mliozoea kwamba A ya kidato cha sita ni 80 mtaona wamewapunguzia. Subirini muione 70 yenyewe. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2, na wastani wa pointi hizo ndiyo GPA. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza. Ikishuka chini ya 2.0, hapo unazungumzia kurudi nyumbani. Nawaambia mapema kwa sababu wengi huanza kuijua GPA baada ya muhula wa kwanza, ilhali muhula huo umeshahesabiwa, na kuipandisha mwaka wa tatu ni kama kusukuma gari lililozima mlimani.

Kuhusu desa. Mtaletewa madesa ya kila namna: muhtasari wa kaka fulani wa mwaka 2015, mitihani ya zamani yenye majibu. Mitihani ya zamani itafuteni, ni halali na inafundisha. Muhtasari wa mtu mwingine uusome baada ya kuandika wako. Kabla ya hapo utakuwa unakariri mahali alipoelewa yeye, na hutajua umekwama wapi kwa sababu hujawahi kutembea mwenyewe.

Hapo hapo kuna aliyeuliza kuhusu programu za akili unde, kama bado kuna haja ya kujua kuandika insha. Jibu langu ni hizo alama 60. Utaingia chumba cha mtihani na kalamu na kitambulisho. Simu utaiacha nje. Aliyekuandikia kazi za muhula mzima hataingia na wewe.

Sasa lugha. Vikaratasi vitano, na kimoja nitakisoma kilivyo: "Dada, Kiingereza nakisoma naelewa ila kikitoka mdomoni kinakuwa takataka. Kwenye semina nitafanyaje?"

Swali hili linaniuma. Naamini kwa dhati kwamba nchi hii imewapa watoto wake kazi mbili kwa wakati mmoja: kuelewa jambo gumu, na kulielewa ndani ya ukungu wa lugha waliyokutana nayo vizuri kidato cha kwanza. Pale pale Mlimani ipo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, inayofundisha na kuandika utafiti kwa Kiswahili, kwa hiyo msije mkadhani lugha yetu haiwezi. Wakati huohuo, kozi yako ya uchumi au ya jiolojia utafundishwa kwa Kiingereza, na huwezi kuahirisha muhula mpaka sera ibadilike.

Fanya hivi. Kuna kozi ya stadi za mawasiliano ambayo karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huisoma. Watu huidharau kwa kuwa haina fomula. Usiidharau, kaa mbele. Pili, kabla ya semina andika swali lako kwa Kiswahili kwanza, mpaka liwe safi. Swali likiwa safi kwa Kiswahili, kulivusha ni kazi ndogo. Mara nyingi tunapogugumia kwa Kiingereza tatizo ni kwamba hata kwa Kiswahili hatujui tunauliza nini. Tatu, katika wiki mbili za kwanza uliza swali moja kwenye kila semina, hata liwe dogo. Ukingoja mpaka Kiingereza kikae sawa, utamaliza mwaka bila sauti yako kusikika, na wiki ya kumi ni ngumu kuanza kuliko wiki ya kwanza kwa sababu wenzako wameshazoea kwamba wewe ni yule asiyesema. Wahadhiri wengi wenyewe walipitia madarasa kama yenu. Atakayekucheka ni mwanafunzi mwenzako, na atacheka mara mbili tu, ya tatu atakuja kukuomba daftari.

Na wewe uliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, kama umo humu: mwenzako akikosea, mtazame usoni, msikilize mpaka mwisho.

Fedha. Hapa wazazi naomba tuwe pamoja.

Mzazi mmoja ametuma swali kupitia mwanawe: auze ng'ombe wawili sasa, au asubiri Bodi ya Mikopo? Baba yangu, usiuze bado. Bodi hutoa majina kwa awamu, wala si kwa siku moja, na mwombaji huangalia mgao wake kwenye akaunti yake ya Bodi kwenye intaneti. Jina lisipotoka awamu ya kwanza, kuna zinazofuata, na mwishoni kuna dirisha la rufaa. Rufaa hushinda kwa vielelezo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama kijana ana ulemavu, fomu ya daktari iwepo. Nimeona vijana yatima wakikosa kwa sababu ya karatasi moja iliyosahauliwa kabatini. Kama mkiuza chochote, uzeni gunia kadhaa za mahindi kwa ajili ya mwezi wa kwanza, kwa sababu mwezi wa kwanza kila mtu anaishi kwa fedha ya nyumbani hata kama amepata mkopo kamili. Usajili lazima ukamilike, majina yahakikiwe, mtu athibitishe mapokezi yake, ndipo fedha iingie.

Fedha hiyo ya chakula na malazi mtaisikia ikiitwa bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni shilingi 10,000 kwa siku, awali ilikuwa 8,500. Inakuja kwa mkupuo wa takriban miezi miwili. Yaani kijana ambaye maisha yake yote hajashika laki moja yake mwenyewe anaamka asubuhi na kukuta kama laki sita kwenye akaunti. Nakumbuka siku ya bumu letu la kwanza: watu walinunua viatu, redio, wengine walikwenda Mlimani City kula chakula walichokuwa wanakiona kwenye picha. Wiki ya sita, watu haohao walikuwa wanakunywa uji mchana. Siwalaumu, tulikuwa watoto. Mimi nilifundishwa na yule dada wa kitanda kimoja njia ambayo bado naitumia na mshahara wangu: siku inapoingia, lipa kwanza kisichoweza kusubiri, kodi na nauli, kinachobaki gawanya kwa siku zilizobaki mpaka bumu lijalo, uongeze siku kumi na nne kwa sababu litachelewa, namba unayoipata ndiyo mali yako ya siku. Iandike ukutani.

Na jina lake ni mkopo. Ukiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka deni liishe. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka na kufanya watu waone deni halipungui ilifutwa mwaka 2021, na adhabu ya asilimia 10 ikaondolewa pia. Kwa hiyo msiogope kukopa kwa ajili ya kusoma. Ogopeni kukopa kwa ajili ya viatu.

Neno moja la ulinzi. Ada na malipo ya hosteli hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali inayotoka kwenye akaunti yako ya chuo. Mtu akikupigia, hata akijua jina lako, shule yako na kozi yako, akasema ana nafasi ya chumba na umtumie "ya kushikilia" kwenye simu yake, kata simu. Kila mwaka kuna mzazi wa huku anayelizwa hivyo.

Vyumba, kwa kifupi. Kuna hosteli ya Mabibo, kuna mabweni ya ndani ya chuo, na kuna yale yaliyofunguliwa mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Bado hazitoshi. Omba mapema mara mfumo unapofunguliwa. Ukikosa, Changanyikeni na Msewe kuna vyumba, tafuteni watatu mchange, maana wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo. Kuhusu kubebana, mimi nimebebwa na sina aibu nalo.

Aliyechaguliwa vyuo viwili: thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri uliyotumiwa kabla ya tarehe ya mwisho. Leo, ukitoka hapa. Aliyepangiwa kozi asiyoitaka: kuhama kunawezekana wiki za mwanzo, ukiwa na vigezo na nafasi ikiwepo, peleka ombi mapema, na huku unaomba, hudhuria vipindi vya hiyo uliyopewa.

Sasa nataka kusema na mabinti. Kuna kikaratasi kinachouliza, na nimeona mkono wa mwandishi ulivyotetemeka, kama ni kweli kuna walimu wa vyuo wanaotaka mwili wa mwanafunzi ili wampe alama. Sitakudanganya kwamba jambo hilo halipo duniani. Jambo hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaliita rushwa ya ngono. Anayetenda ni yule mwenye mamlaka, wewe si mkosaji. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Hifadhi ujumbe wowote utakaotumiwa, usiufute kwa hasira. Mwambie mtu siku hiyohiyo: mshauri wa wanafunzi, dawati la jinsia, mhadhiri mwanamke unayemwamini, au nipigie mimi, namba yangu walimu wanayo. Wavulana nao wanaweza kufanyiwa hivyo, msicheke. Na usiwahi kwenda kufuatilia alama usiku au nyumbani kwa mtu. Alama hufuatiliwa ofisini, mchana, na kama huelewi matokeo yako kuna utaratibu wa kuomba karatasi isahihishwe upya.

Mwingine ameuliza kama ni kweli watu wa Mlimani wanajisikia. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kile kilianza na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia kilimani. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusoma sheria pale, baadaye alikuja kuwa jaji na Waziri wa Sheria. Watu wachache namna ile, nchi nzima ikiwatazama, ni rahisi kulewa. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakipinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao, mamia yao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ninyi mmetoka JKT juzi, ngozi bado haijarudi rangi yake, kwa hiyo hadithi hiyo mnaielewa kuliko sisi ambao hatukupita. Mtasoma kozi inaitwa DS, taaluma za maendeleo, na mtasikia watu wakisema haina faida kwa mhandisi au mwanasayansi. Mizizi yake iko miaka hiyohiyo, katika mjadala mkali wa baada ya Azimio la Arusha kuhusu msomi anamtumikia nani. Isomeni mkijua hivyo.

Kama mtu akijisikia mbele yako, mwache. Wewe usijisikie mbele ya dereva wa daladala.

Mizigo: shuka mbili, chandarua, ndoo, vyeti halisi na nakala. Basi litawashusha Mbezi, Kituo cha Magufuli, huenda usiku mkubwa. Msitoke nje ya kituo na mtu msiyemjua. Kaeni ndani mpaka kupambazuke, msafiri kwa vikundi.

Kabla sijamaliza, narudi kwenye kile kikaratasi cha penseli. Wengi mnadhani mhadhiri ni mtu wa kufika, kufundisha na kuondoka. Ana saa za kupokea wanafunzi, na kwa uzoefu wangu wengi hukaa ofisini saa hizo peke yao, kwa sababu hakuna anayekwenda. Wanaokwenda huenda wakati wa kulia, matokeo yakishatoka. Nenda wiki ya tatu. Nenda na karatasi yenye mstari mmoja uliokukataa. Ukienda na "sielewi somo lako" utapewa ushauri wa kusoma kwa bidii, na utaondoka ulivyokuja. Ukienda na mstari, utarudi na mstari unaofuata. Mimi baada ya ile 6 kati ya 20 nilimaliza kozi ile na B. Haikuwa A. Ile B niliihifadhi kuliko zawadi zote nilizopewa shuleni, kwa sababu ninajua kila hatua niliyopita kuifikia.

Swali la mwisho halikutoka kapuni. Leo asubuhi mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Akishaiona Dar, atarudi?"

Mama yangu, nimekuona umekaa pale. Mimi nilikaa miaka kumi na miwili ndipo nikarudi kufanya kazi hapa. Katika miaka ile yote mama yangu alinipigia kila Jumapili jioni. Hakuniuliza hata mara moja nimekuwa wa ngapi. Aliniuliza nimekula nini, nikawa namwambia ukweli, hata zile wiki za uji. Kwa hiyo nilipokwama, alikuwapo mtu mmoja ambaye sikulazimika kumdanganya kwa muda mrefu. Mpigie mwanao. Muulize amekula nini.

Wanaosafiri Alhamisi, basi linaondoka alfajiri, mizigo mikubwa ipelekwe stendi Jumatano jioni. Wenye vielelezo vya rufaa ya mkopo wabaki hapa mbele na mimi, tuvipitie kimoja kimoja kabla jua halijazama.